Shungi la mbele: nywele za wavulana kutoka Ngarama hadi Dallas

Wiki tatu zilizopita nilimtumia mama yangu picha ya mjukuu wake. Kijana ana miaka 13. Amesimama nje ya saluni hapa Dallas, pembeni na kisogoni amenyolewa karibu na ngozi, juu nywele zimeachwa nyingi, zimejisokota vizuri na kuinama mbele juu ya paji. Mimi niliona mtoto msafi anayetabasamu. Mama yuko Uganda, upande wa Ngarama, wilaya ya Isingiro, na ujumbe wake wa sauti ulifika usiku huohuo: "Mwanangu, huyu mtoto paji la uso amelipeleka wapi?"

Akaendelea. Majirani wameiona picha. Mmoja kasema huo ni uhuni wa Kizungu. Mwingine kasema Marekani imekwisha kumchukua mtoto. Mama mwenyewe hakunigombeza, aliuliza tu kwa sauti ya chini kama shule inamkubali hivyo, na kama mimi na baba yake bado tuna neno katika nyumba yetu.

Najua si mimi peke yangu niliyetumiwa ujumbe wa namna hii. Tangu 2013, Marekani ilipoanza kupokea Wakongo wengi kutoka kambi za Maziwa Makuu, familia nyingi za kambi yetu ya Nakivale, huko Isingiro, zimetawanyika katika miji ya Texas, Kentucky, Michigan na kwingineko, na watoto tuliowaleta wakiwa wadogo sasa wana ndevu za kwanza na maoni yao juu ya kichwa chao. Kwa hiyo nimekaa nikasoma, nikauliza wazee na vinyozi. Nataka kueleza nywele hizi za mbele zimetoka wapi, kwa sababu wengi wetu tunazigombania bila kuijua historia yake.

Nianze na sababu ya mama kushtuka, maana ni ya haki kabisa.

Nakivale ilitambuliwa rasmi kuwa makazi ya wakimbizi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959. Baadaye tukaja sisi Wakongo, wakaja Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Nilikaa huko miaka tisa. Ukishuka Base Camp ukapita mbele ya saluni, utaona lilelile bango la vichwa vya wanaume, kila kichwa na namba yake. Mteja anaonyesha kwa kidole, kwani kinyozi anaweza kuwa Msomali na mteja Mrundi, na Kiswahili chao hakikutani sawasawa. Lakini mtoto wa shule hakuwa na haja ya bango. Mtoto wa shule alikuwa na mtindo mmoja tu: zote chini.

Katika shule nyingi za Uganda ndivyo ilivyo mpaka leo, kwa wavulana na kwa wasichana pia. Asubuhi ya ukaguzi mwalimu hupita kwenye mistari akipitisha vidole vichwani. Vidole vikikamata nywele, umekosa. Kuna waliorudishwa nyumbani, na kuna waliokatwa njia moja kwa mkasi katikati ya kichwa, ili aibu iwapeleke kwa kinyozi kabla ya jua kuzama. Kaka yangu mdogo alikatwa njia hiyo, na sijasahau jinsi alivyotembea kurudi nyumbani akiwa amejifunika shati kichwani. Mkongo aliyesomea shule za misheni kule Kivu anaijua sheria hii pia. Sababu zinazotolewa ni usafi, choa na chawa, na usawa kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini. Sizidharau. Katika darasa la watoto mia moja, choa si hadithi. Ila sheria ikikaa miaka mingi, watu husahau kwamba ni ya shule na kuidhania kuwa ni ya mababu. Mama anapoona nywele zinashuka kwenye paji, anaona mtoto asiye na shule, na kwake mtoto asiye na shule ni mtoto aliyepotea.

Sasa Marekani.

Watu wa kambini hudhani kwamba mvulana wa Kimarekani alianza kufuga nywele za mbele juzi, kwa ajili ya TikTok. Ukweli ni kwamba zamani akina mama wenyewe ndio waliokuwa wakimwachia. Ipo picha ya Franklin Roosevelt iliyopigwa 1884, yule aliyekuja kuwa rais wakati wa vita vikuu vya pili. Ana miaka miwili na nusu, amevaa gauni jeupe, nywele zimefika mabegani. Hakuna aliyemcheka. Katika familia zenye uwezo mvulana mdogo alivaa gauni na kufuga nywele, na siku ya suruali ya kwanza na mkasi wa kwanza ilikuwa siku ya kutoka utotoni. Miaka miwili baadaye, 1886, kikatoka kitabu cha Frances Hodgson Burnett kuhusu mtoto aitwaye Lord Fauntleroy, mwenye mashungi ya dhahabu na suti ya mahameli, na akina mama wa Marekani wakawavalisha wana wao vivyo hivyo, wengine wakilia kwa kutotaka.

Mwaka 1902 mchoraji Richard Outcault alianza kuchapisha gazetini katuni za mtoto mtundu aitwaye Buster Brown. Nywele zake zilikatwa mstari mmoja mbele, na pembeni zikashuka hadi kwenye masikio. Kampuni ya viatu ikanunua haki ya jina lake, picha yake ikabandikwa madukani kote, na kichwa kile kikawa kichwa cha mvulana wa Kimarekani. Mkato huo ulikuwa rahisi kwa mama mwenye mkasi na haraka: nywele zilizonyooka huanguka zenyewe, unakata kwa kufuata mstari wa nyusi, umemaliza. Ndiyo maana wengine wakauita mkato wa bakuli. Hata neno wanalotumia Wamarekani kwa nywele za paji, bangs, linahusishwa na farasi, na namna mkia wake ulivyokatwa ukawa bapa chini.

Kisha ikaja mashine. Mwaka 1919, katika mji wa Sterling, Illinois, Leo Wahl alianza kutengeneza mashine yake ya umeme ya kunyolea. Mtakumbuka jina hilo. Limeandikwa ubavuni mwa mashine nyingi zinazonguruma katika saluni za Mbarara na za Base Camp, zikivuta umeme wa jua au wa betri ya gari. Mashine ilifanya kunyoa kifupi kuwe jambo la dakika chache. Jeshi nalo likakifanya kifupi kuwa alama ya uanaume: mamilioni ya vijana walinyolewa walipoingia vitani, wakarudi hivyohivyo, wakawanyoa wana wao hivyohivyo. Katika miaka ya 1950 mvulana wa Kimarekani mwenye adabu alikuwa na kichwa ambacho mwalimu wa Isingiro angekipitisha bila neno.

Jambo hili ningependa wazazi wenzangu walishike. Marekani nayo ilikuwa na paji wazi, nayo ilidhani imekuwa hivyo tangu zamani.

Tarehe 7 Februari 1964 vijana wanne wa Uingereza, Beatles, walitua New York. Siku mbili baadaye wakaimba kwenye televisheni, katika kipindi cha Ed Sullivan, mbele ya watazamaji wapatao milioni 73. Nywele zao zilikuwa zimechanwa mbele, zimefunika paji lote. Baba wengi waliziona usiku ule kama mama yangu alivyoiona picha ya mwanangu. Asubuhi wavulana wakaacha kwenda kwa kinyozi.

Na hapa hadithi inaingia katika mji wangu. Septemba 1966, hapa Dallas, vijana watatu waliokuwa na bendi yao ya muziki walifika kuandikishwa katika shule ya sekondari ya W.W. Samuell wakiwa na nywele za aina ile. Mkuu wa shule akawaambia wakate kwanza. Hawakukata. Walikwenda kwa waandishi wa habari, wakarekodi hata wimbo kuhusu kisa chao, kisha wakaishtaki wilaya ya elimu. Kesi ikapanda hadi mahakama ya rufaa, na mwaka 1968 mahakama ikaamua kwamba shule ina haki: nywele zile zinavuruga masomo, na utulivu wa shule ni mzito kuliko matakwa ya kijana juu ya nywele zake. Mahakama ya Juu ya nchi ikakataa kuisikiliza, ingawa Jaji William Douglas aliandika kupinga. Mwaka mmoja baadaye mahakama nyingine ya rufaa, iliyokaa Chicago, ikampa ushindi mwanafunzi wa Wisconsin katika kesi ya namna hiyohiyo. Tangu hapo haki ya mvulana juu ya nywele zake Marekani imetegemea anaishi jimbo gani. Sisi tulioletwa Texas tulipangiwa nyumba bila kuulizwa juu ya mambo hayo, lakini ndimo tunamoishi.

Nilipokuwa nasoma kesi ile nilisimama nikatembea ndani ya nyumba. Miaka karibu sitini imepita, na hofu ya mkuu wa shule yule ndiyo hofu ya majirani wa mama yangu. Na haijaisha. Mwishoni mwa 2009 mvulana wa miaka minne tu, katika wilaya ya elimu ya Mesquite, ubavuni mwa Dallas, alitengwa na wenzake darasani kwa kuwa nywele zake zilikuwa ndefu kuliko kanuni ya shule. Mwaka huohuo nchi nzima ilikuwa ikimwangalia mwimbaji Justin Bieber akizipeperusha nywele zake kutoka upande mmoja wa paji hadi mwingine, na wavulana wakitikisa vichwa kumwiga.

Katika habari hizi zote mtu mweusi hayumo, na sababu ni rahisi. Nywele zetu hazianguki mbele, zinapanda. Mvulana mweusi wa Marekani aliporuhusu nywele zake zikue aliziacha zipande: ikawa afro mwishoni mwa miaka ya 1960, ile waliyokuwa nayo Jackson 5 walipoingia kwa Ed Sullivan Desemba 1969, Michael akiwa na miaka 11. Miaka ya 1980 ikapanda ikawa mnara bapa juu, pembeni zero. Kwenye paji yeye alitaka mstari uliochongwa kwa wembe, mkali kama rula. Kuchongwa huko kumefika kwetu na kukaa. Pale Base Camp mteja akishamaliza kunyolewa husema "nichonge", na kinyozi hufunga pumzi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mama hakuliamini nilipomwambia. Mtindo wa mwanangu hapa unaitwa brokoli, kwa jina la mboga, kwa sababu juu huwa kama kichwa cha brokoli kilichojikunja. Umeenea miaka hii ya 2020 kwa njia ya TikTok. Ili uupate, unahitaji nywele zinazojisokota. Kwa hiyo wavulana wa Kizungu wenye nywele zilizonyooka wanakwenda saluni, wanakaa saa mbili na dawa kichwani, wanalipa fedha nyingi, ili nywele zao zijikunje. Mwanangu anaoga, anapaka mafuta, anasugua kwa sifongo, basi. Kwa mara ya kwanza katika historia yote niliyoisimulia hapa, nywele za mbele zinazotamaniwa na wavulana wa Marekani zinafanana na alizozaliwa nazo mtoto wa Kivu. Bibi yake anadhani ameiga Wazungu. Darasani kwake wanaoiga ni wengine.

Na nyumbani je? Ni kweli kwamba mababu walinyoa zote?

Nilimpigia simu mzee mmoja Mnyarwanda, jirani yetu wa zamani kule Ngarama, aliyefika Nakivale akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Nikamwuliza habari za amasunzu. Alicheka kwanza, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua. Amasunzu ni mkato wa Rwanda ya kale: nywele hunyolewa sehemu fulani na kuachwa sehemu nyingine, zikawa matuta yaliyopinda kama mwezi mwandamo, tuta moja likikaa juu ya paji, jingine likizunguka utosi. Mitindo yake ni zaidi ya 30. Waliyavaa wanaume, wakiwemo mashujaa na watu wa heshima, na wasichana waliofikia umri wa kuolewa. Msichana akishaolewa aliziacha nywele zikue. Mwanamume aliyetembea kichwa hovyo, bila amasunzu, alitazamwa kwa mashaka. Fikirini hilo. Katika nchi ambayo unaiona ng'ambo ya mipaka ukisafiri kidogo tu kutoka Isingiro, nywele zilizochongwa juu ya paji ndizo zilizokuwa adabu yenyewe. Zilififia wakati wa ukoloni na misheni, hadi zikabaki kwenye picha za zamani. Machi 2018 mwigizaji Lupita Nyong'o alipanda zulia la Oscar akiwa na nywele zilizotengenezwa kwa kufuata amasunzu, na vijana wa Kigali wakaanza kuyarudia.

Pwani nako kuna denge. Wazee wa Kiswahili walikuwa wakimnyoa mtoto pande zote na kumwachia kishungi utosini, na neno hilo limo kwenye kamusi mpaka leo. Hapo dini ilikuwa na neno lake. Katika hadithi zilizopokewa kutoka kwa Ibn Umar, Mtume alikataza kumnyoa mtoto sehemu ya kichwa na kuacha sehemu. Ama zinyolewe zote, ama ziachwe zote. Kinyozi Msomali aliyekuwa jirani yetu Base Camp aliishika hadithi hiyo. Ukimletea mtoto na kutaka pembeni kifupi na juu nyingi, alikueleza kwa upole kwamba hawezi, akakuelekeza saluni ya pili. Namheshimu kwa hilo. Alikuwa na hoja yenye asili na aliijua asili yake. Waliobaki tulikuwa tunasema "mila yetu" bila kujua ni mila ya nani.

Serikali zetu huru nazo ziliwahi kuingia vichwani mwa vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku wigi, sketi fupi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi kuanzia Januari mosi 1969. Huko Tanzania wakati huo, kama Dallas ya wakati huohuo, wakubwa waliona taifa linaponyoka kupitia mavazi na nywele. Siwezi kusema hawakuwa na uchungu wa kweli. Mtu aliyetoka kutawaliwa anauogopa mtindo wa mtawala, na mkimbizi anaogopa zaidi, maana ameshapoteza mengi na watoto ndio aliobaki nao.

Basi kwa mama na kwa majirani wa Ngarama jibu langu ni hili: mtoto hajapotea. Anafunga mkanda, anasalimia kwa mikono miwili, anakula ugali na sombe, na Jumapili yuko kwaya. Nywele za mbele si dalili ya uhuni. Mababu wa jirani zenu walizichonga kwa heshima.

Kwa wazazi wenzangu wa Texas nina neno jingine, la vitendo. California ilipitisha 2019 sheria iitwayo CROWN, ya kwanza nchini kukataza ubaguzi wa nywele kwa sababu ya asili ya mtu, na Texas ikapitisha ya kwake iliyoanza kazi tarehe 1 Septemba 2023. Wengi wetu tulisherehekea tukidhani watoto sasa wako salama. Hawako salama kwa kila jambo. Sheria ya Texas inalinda aina ya nywele na mitindo ya kusuka na rasta, urefu haikuutaja. Siku moja tu kabla ya sheria kuanza, kijana mweusi Darryl George aliadhibiwa na shule yake huko Mont Belvieu, karibu na Houston, kwa sababu ya rasta zake. Zilikuwa zimefungwa juu, lakini kanuni ya shule ilisema nywele zikiachiliwa zisivuke nyusi, wala ndewe za masikio, wala kola. Alikaa miezi nje ya darasa la kawaida. Februari 2024 jaji akaamua kwamba shule haikuvunja sheria ile.

Kwa hiyo kabla ya kumpeleka mtoto kwa kinyozi, omba kitabu cha kanuni cha wilaya yenu ya elimu, na kama Kiingereza kinakushinda, mwombe mtu wa kanisani akusomee ukurasa wa mavazi na nywele. Angalia neno "nyusi". Nywele zetu hudanganya kipimo: zikikauka zinajikunja zikaonekana fupi, zikiloweshwa na kuvutwa zinafika mbali. Zipime zikiwa zimeloa na kunyooshwa, maana ndivyo mwenye kutafuta kosa atakavyozipima.

Za mwanangu nilizipima jana bafuni. Zikivutwa zinaishia vidole viwili juu ya nyusi.